Gari Ikikohoa Mlimani, Tusiihukumu Turbo Kabla ya Kuichunguza



Twapenda katika toleo hili kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa ni la mafundi wa gari, si la wakulima wa karafuu. Walakini kila mwanachama ajua kwamba karafuu iliyokwisha kuchumwa haingoji. Ikikaa mbichi ndani ya magunia siku mbili hupata joto na kuchemka, na hata ikianikwa baadaye katika jua zuri haipati tena ile rangi ya daraja la kwanza. Kwa hivyo gari inayotoa karafuu shamba ni sehemu ya mavuno, kama yalivyo majamvi ya kuanikia.

Gari nyingi zinazofanya kazi hii kwetu ni pikapu na malori madogo ya dizeli yenye turbo. Malalamiko yanayoletwa ofisini mara kwa mara ni haya: gari tupu yaenda vizuri, lakini ikipakiwa na kufika mlimani hukohoa, hushtukashtuka, hutoa moshi, na nguvu hukatika. Neno la kwanza analoambiwa mwenye gari ni, "Turbo imekufa." Maneno haya mawili ni ghali sana, na mara nyingi si kweli.

KOSA LETU WENYEWE

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu. Katika msimu wa mwaka 2021 pikapu ya Jumuiya ilikwama mlimani jioni, imebeba karafuu mbichi za wanachama watatu. Tuliivuta mpaka gereji moja. Fundi aliwasha injini, akasikiliza kwa muda mfupi, akasema turbo imekufa. Hatukumwuliza amejuaje. Tulitia saini, tukatoa fedha karibu zote zilizokuwamo katika mfuko wa matengenezo, tukaagiza turbo iliyokwisha kutumika kutoka Dar es Salaam, na gari ikakaa siku tisa bila ya kufanya kazi. Ilipofungwa turbo ile, gari ilipanda mlima ule ule na kukohoa kikohozi kile kile.

Ndipo mzee mmoja, aliyezoea matrekta na injini za vyombo vya baharini, alipoomba aitazame. Hakuigusa turbo. Alipitisha mkono chini ya mpira mkubwa wa hewa, akasita penye klipu, akatuonyesha ufa wenye urefu wa kidole. Injini ikiwa haina mzigo, ufa ule ulijifunga wenyewe. Mzigo ukizidi na hewa ikisukumwa kwa nguvu, ulifunguka kama mdomo. Mpira mpya ulifungwa kwa muda wa nusu saa, na gari yafanya kazi mpaka leo.

Karafuu za wanachama wale watatu zilipimwa daraja la chini. Tofauti ya bei tuliwalipa kwa mafungu, na fungu la mwisho lilitoka mwaka 2023. Turbo ya zamani, ambayo sasa twaamini ilikuwa nzima, ilibaki gereji. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyojifunza kwa gharama hiyo.

TURBO YAFANYA KAZI GANI

Injini ya dizeli hula vitu viwili: mafuta na hewa. Kilo moja ya dizeli, ili iungue sawasawa, yahitaji hewa isiyopungua kilo 14 na nusu. Hewa hiyo ni kiasi cha kujaza chumba cha mita 2 kwa 2 chenye kimo cha mita 3. Injini ndogo haiwezi kuvuta hewa nyingi hivyo kwa pumzi yake peke yake kila inapotakiwa nguvu kubwa. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi wake wa kutumia moshi unaotoka katika injini kusukumia hewa ndani ya injini hiyo hiyo. Gari ndogo ya abiria ya dizeli yenye turbo, Mercedes-Benz 300SD, ilianza kuuzwa mwaka 1978, na tangu hapo dizeli zenye turbo zimeenea kila mahali.

Ndani ya turbo mna magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yaliyofungwa katika ekseli moja. Moshi wa moto huzungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa kutoka chujioni na kuikandamiza. Ekseli hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Hewa ikikandamizwa hupata joto. Basi katika gari nyingi hupitishwa kwanza katika kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, kisha ndipo iingie katika injini.

Safari hii ya hewa ndiyo ya kukumbuka: chujio, turbo, mpira wa kwanza, kipoza hewa, mpira wa pili, injini. Hewa ikizuiliwa kabla ya turbo, au ikivuja baada ya turbo, injini hukosa pumzi ijapokuwa turbo ni nzima. Turbo husingiziwa makosa ya jirani zake.

MASWALI MATANO KABLA YA KUFUNGUA BONETI

Mwenye gari ndiye shahidi wa kwanza, maana fundi hakuwapo mlimani. Kabla ya kwenda gereji, jiulize na uandike majibu.

(1) Hukohoa wakati gani? Ikiwa hukohoa hata imesimama bila ya mzigo, yaelekea kosa ni la mafuta au nozeli. Ikiwa hukohoa kwa mzigo na mlima tu, kosa laweza kuwa la hewa au la mafuta, na swali la pili litatenganisha.

(2) Moshi ni wa rangi gani? Moshi mweusi mwingi maana yake mafuta yapo lakini hewa haitoshi. Nguvu ikipungua bila ya moshi mweusi, pengine mafuta ndiyo hayafiki, khasa ikiwa gari hukatikakatika kisha ikapata nguvu baada ya kupumzika. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo turbo yaweza kushukiwa, ingawa injini iliyochakaa nayo hutoa moshi huo. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua, na hutazamwa nozeli.

(3) Sauti ni ipi? Mlio wa upepo unaochuruza, "fsss", unaokuja pale unapokanyaga mafuta, ni mpira au kiungo kinachovuja. Mlio mwembamba kama wa king'ora, unaopanda na kushuka na injini na ambao haukuwapo zamani, ni wa kutazamwa kwa haraka, kwani huenda mapezi yanagusa ukuta wa nyumba yake.

(4) Je, nguvu hukatika ghafla kama gari imefungwa kamba, taa ya injini ikawaka, kisha ukizima na kuwasha tena nguvu hurudi? Hiyo ni kompyuta ya gari. Imeona presha ya hewa imepungua au imezidi mno, ikapunguza mafuta ili kuilinda injini. Dalili hii yaonyesha kuna kosa, wala haisemi kosa ni turbo.

(5) Nani aliigusa mwisho, na aligusa wapi? Ikiwa ugonjwa ulianza siku moja baada ya kubadilishwa chujio, tazama kwanza klipu za chujio. Ikiwa ulianza baada ya kununua mafuta ya dumu njiani, tazama kwanza maji katika mafuta. Swali hili halina gharama, nalo husahauliwa kuliko yote.

MPANGO WA KUCHUNGUZA

Kanuni ni moja: anza na kilicho rahisi na cha bei ndogo, umalize na kilicho ghali.

(a) Chujio la hewa. Litoe ulitazame kwenye mwanga. Vumbi letu jekundu hulijaza upesi wakati wa kiangazi, na chujio lililoloa kwa mvua huziba vile vile. Usiendeshe gari bila ya chujio hata kwa "kujaribu tu". Chembe ya mchanga ikigonga mapezi yanayozunguka kwa kasi ile huweza kuyadhuru.

(b) Chujio la mafuta. Gari nyingi za dizeli zina kizibo chini ya chujio cha kutolea maji. Fungua umwage katika chupa nyeupe, uiache chupa dakika kumi. Maji hukaa chini na dizeli juu. Ukiyaona maji, endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu, na tangi nalo litazamwe. Chujio lililoziba hupitisha mafuta ya kutosha kwa gari tupu uwanda, lakini si kwa gari yenye magunia mlimani. Ndiyo maana watu wengi hudhani ni turbo.

(c) Mipira mikubwa na kipoza hewa. Hapa ndipo penye ubishi, basi tutakaa zaidi kidogo. Injini ikiwa baridi na imezimwa, bonyeza mipira yote kwa mkono, uipinde, utazame upande wa chini na chini ya klipu. Oili kidogo ndani ya mpira si ajabu; huletwa na pumzi ya injini. Bali oili na vumbi vilivyoganda nje, penye kiungo, ni alama ya mahali hewa inapotokea. Bahari ikiwa karibu kama ilivyo kwetu, klipu hupata kutu ndani kabla ya nje. Klipu inayoonekana imekaza huenda haikazi kitu.

Usipoona kitu kwa macho, tumia sabuni. Mtafute fundi wa pancha mwenye kompresa na geji. Toa mpira unaotoka chujioni kuingia turbo, uzibe mdomo wa turbo kwa kizibo cha bomba la plastiki kilichotobolewa na kutiwa valvu ya tairi, kisha ukikaze kwa klipu. Mpira mdogo wa pumzi ya injini unaoingia hapo nao uzibwe. Injini isiwashwe kabisa. Tia hewa polepole mpaka nusu ya bar, ambayo ni kama paundi 7 katika geji ya tairi, na usizidishe paundi 10. Asimame mtu mbele ya kizibo? Hapana, kikichomoka humuumiza. Kisha paka povu la sabuni katika kila kiungo, kila mpira na pembe za kipoza hewa. Penye ufa povu litavimba na kutoa mapovu makubwa. Sauti ndogo ya upepo kutoka kifuniko cha oili isikutie hofu, maana hewa kidogo hupenya ndani ya injini yenyewe.

Jaribio hili kwa pikapu yetu lingechukua saa moja na kipande cha sabuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta tulioujenga sisi twaujua bei yake.

(d) Mipira myembamba na mkono wa turbo. Turbo nyingi zina njia ya kuzizuia zisisukume hewa kupita kiasi. Katika nyingine ni kilango kinachopunguza moshi. Katika nyingine ni mapezi yanayogeuka ndani. Vyote huendeshwa na mkono mdogo wa chuma, ambao huvutwa au kusukumwa na upepo wa mpira mwembamba, au na mota ya umeme. Mpira huo mwembamba huchakaa kwa joto, na panya huutafuna gari ikilala uani. Ukichomoka, turbo yaweza kusukuma hewa kidogo mno au nyingi mno, kwa kadiri ilivyotengenezwa. Mpira huu ni wa bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa. Tazama vile vile kama mkono wa chuma wacheza, au umeganda kwa kutu au masizi. Twaonya: usiufunge mkono huo kwa waya wala kuubana ili "gari ipate nguvu". Nguvu hiyo ni ya mkopo, na injini ndiyo dhamana.

(e) Sensa na valvu ya EGR. Sensa ya presha huiambia kompyuta ni hewa kiasi gani imefika. Ikizibwa na masizi husema uongo, na kompyuta hutoa hukumu kwa ushahidi wa uongo. Husafishwa kwa dawa yake ya kupulizia, si kwa sindano wala kitambaa. Valvu ya EGR hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Ikikwama wazi kwa masizi, moshi huchukua nafasi ya hewa safi na gari hutoa moshi mweusi.

(f) Ekzosi. Bomba likiziba, au likibanwa kwa kugonga jiwe, moshi hautoki sawasawa na turbo haizunguki inavyotakiwa.

(g) Turbo yenyewe. Sasa, baada ya yote haya, na injini ikiwa imepoa kabisa, toa mpira wa mbele na uiguse pua ya ekseli kwa vidole. Izungushe, yapasa izunguke laini bila ya kukwaruza. Isukume upande huu na upande huu. Kucheza kidogo sana ni kawaida kwa sababu ya nafasi ya oili, lakini mapezi yasiguse ukuta. Ivute nje na kuisukuma ndani; hapo isisikike kucheza. Tazama kama mapezi yamemeguka. Ikiwa yagusa, yamemeguka, au oili yamwagika kwa wingi upande wa hewa, basi turbo ina kosa, na mwambie fundi aifungue.

Hata hapo usifunge mpya kabla ya kujua ya kwanza imekufa kwa nini. Ikiwa bomba dogo la kuletea oili limeziba, au la kurudishia oili limepindika, turbo mpya itafuata njia ya mwenzake.

GARI ZA PETROLI

Wanachama wenye gari za petroli zenye turbo wafuate mpango huo huo, na waongeze mambo mawili. Kwanza, plagi. Turbo ikisukuma hewa, presha ndani ya silinda hupanda na cheche hupata taabu kuruka. Plagi iliyoliwa, yenye nafasi kubwa, hufanya kazi vizuri polepole lakini cheche hukatika unapokanyaga, na gari hushtuka. Gari nyingi za namna hii hutaka nafasi ya karibu milimita 0.7 hadi 0.8, fuata kitabu cha gari yako. Koili yenye ufa nayo hufanya vivyo hivyo, na huzidi wakati wa mvua. Pili, gari nyingi hupima hewa karibu na chujio. Hewa iliyokwisha kupimwa ikivuja baadaye, kompyuta humwaga petroli kwa hewa isiyofika, ikatoka moshi mweusi na gari ikakohoa.

KIFAA CHA KUSOMEA

Gari za miaka ya karibuni huhifadhi namba za makosa. P0299 maana yake presha ya hewa ni ndogo kuliko ilivyotakiwa, P0234, imezidi, P0087, presha ya mafuta ni ndogo. Twaomba lisomwe vizuri neno hili: P0299 haisemi turbo imekufa. Yasema hewa haikufika, nayo yaweza kupotea katika mahali popote tulipopataja. Namba ni kama mtoto aliyetumwa kusema nyumbani kuna moshi. Hakuambiwa ni jiko au ni paa.

KUITUNZA ILIYO NZIMA

Mambo ni matatu. Badilisha oili na chujio lake kwa wakati, kwa oili ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kwani ekseli ya turbo haina uhai mwingine. Ukiwasha asubuhi usikanyage mafuta kwa nguvu kabla oili haijafika. Na ukimaliza kupanda mlima na mzigo usizime hapo hapo. Iache injini iende polepole dakika moja au mbili, ili oili ichukue joto. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani huungua na kuwa mkaa.

UAMUZI WA KAMATI

Kwa sababu ya yaliyotupata, Kamati imekubali mambo mawili. La kwanza, Jumuiya imenunua kifaa kimoja cha kusomea, na kizibo cha kujaribia kwa sabuni kimetengenezwa. Vyote vipo ofisini, na mwanachama huazimwa kwa siku moja kwa kutia saini. La pili, hakuna fedha ya mfuko wa matengenezo itakayotolewa kwa kununua turbo mpaka iletwe karatasi yenye majibu ya maswali matano na matokeo ya uchunguzi kuanzia (a) mpaka (g), iliyotiwa saini na fundi na mwenye gari pamoja.

Wako watakaoona kuwa hii ni kuwachelewesha. Twawaomba wakumbuke siku tisa. Uchunguzi wote huu ni kazi ya siku moja, na ufanywe sasa, kabla ya wachumaji kupanda mikarafuu. Gari iliyoachwa na kikohozi chake uani haitapona kwa kungoja msimu.

Twawatakia nyote mavuno ya kheri na njia salama.

Kwa niaba ya Kamati,
KATIBU